Mhariri, kijivu hakiendi na kila kitu

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na kama inawezekana usinikate sana maana hili dukuduku nimekaa nalo miaka minne.

Wiki iliyopita kwenye ukurasa wenu wa nyumba mliandika kwamba mtu akitaka sofa na hajui achukue rangi gani basi achukue la kijivu, eti kijivu hakina ugomvi na mtu, kinaenda na kila kitu, halafu mkaweka na picha ya sebule moja imetulia tuli kama vile hakuna binadamu anayekaa humo. Mi nimesoma nikacheka, halafu nikanyanyua macho nikaliona sofa langu la kijivu hapo mbele yangu, cheko likaishia hapo hapo. Kwa sababu ushauri huo huo ndo nilipewa mimi, neno kwa neno, na nikaufuata kama mtoto mtiifu.

Ngoja nieleze. Dukani lile sofa lilikuwa la kijivu. Narudia, la kijivu, jivu la kuni lililopoa kabisa. Nimelikalia, nimelipapasa, nimelizunguka mara tatu, nikalipiga picha nikamtumia dada yangu na yeye akajibu chukua hilo hilo unangoja nini. Likaja nyumbani, watu wawili wamelibeba, wakaliegemeza ukutani pale, wakachana yale manailoni, na dada yangu ambaye alikuwa amekuja kulipokea kama bi harusi akasimama mlangoni kashika kiuno akasema "mbona la zambarau hili?" Nikamwambia dada hayo ni macho yako. Akasema haya. Usiku nikawasha taa, nikahamia kiti cha upande wa pili nikaliangalia vizuri, mhariri, lilikuwa zambarau. Si zambarau ya kusema mtu ataiona toka barabarani, hapana, ni ile ya chini kwa chini, kama mahali ulipojigonga siku ya tatu. Nikajua tu wameniletea jingine. Nikatafuta risiti, nikageuza mto wa kukalia nikasoma namba ya kitambaa, nikalinganisha tarakimu kwa tarakimu, ni lile lile nililolichagua mwenyewe.

Sasa kilichotokea pale nilikuja kukielewa baadaye na ndo ninachotaka wasomaji wenzangu wakijue kabla hawajatoa hela. Kijivu si rangi moja, vijivu viko vingi, na kijivu cha kitambaa mara nyingi si nyeusi na nyeupe tupu zimechanganywa, ndani yake kuna rangi nyingine imejibanza: kuna chenye bluu ndani, kuna chenye zambarau, kuna chenye kijani, kuna chenye njano au kahawia ambacho ndo watu wanakiita kijivu cha joto. Ukikitazama chenyewe peke yake huioni ile rangi, imelala. Ukikiweka jirani na kitu kingine inaamka. Na mimi ukuta wangu ulikuwa rangi ya maziwa yenye njano ndani yake, njano na zambarau zinakabiliana, kila mmoja anamchochea mwenzake, kwa hiyo ukuta ulikuwa unalisukuma sofa langu kwenye zambarau na mi nimekaa katikati nalaumu watu wa duka.

Hili jambo la ujirani wa rangi si la juzi wala si la kwangu. Kuna mkemia wa Ufaransa aliitwa Michel Eugène Chevreul, mwaka 1824 alipewa kusimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins kule Paris, wale wanaofuma vitambaa vya kutundika ukutani, akakuta malalamiko, watu wanasema nyuzi nyeusi za kiwanda hiki hazina nguvu, zinapauka. Mzee akazipima zile nyuzi kikemia akakuta hazina kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwa majirani, zile nyeusi zilifumwa karibu na bluu na zambarau, jicho la mtu likawa linaziona zimechuja. Akafanya majaribio miaka, mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya hilo jambo moja tu la rangi mbili zikikaa pamoja. (Huyu mzee aliishi mpaka miaka 102, nadhani mtu ukiacha kugombana na wenye maduka unaishi sana.) Na kijivu ndo kinapata shida kuliko wote, kwa sababu hakina nguvu ya kukataa. Kiweke karibu na nyekundu kinavuta ukijani, kiweke na bluu kinaanza kuonekana kama kina ukahawia, karibu na kijani kibichi kinaingia wekundu wekundu, na karibu na njano ndo hayo yaliyonikuta. Kwa hiyo mnaposema kinaenda na kila kitu mi naona ni kinyume chake, sofa jekundu ndu ndo halijali jirani, litabaki jekundu hata ulipeleke wapi, la kijivu linabadilika kila ukileta mgeni.

Basi nini cha kufanya. Kwanza jua chako ni kijivu kipi. Chukua karatasi nyeupe pe, ile ya kuchapishia tu, iweke juu ya sofa mchana karibu na dirisha, taa zote zimezimwa. Usiangalie sofa zima, tazama pale karatasi inapoishia na kitambaa kinapoanza. Ukikaza macho pale ukingoni ile rangi iliyojibanza inatoka yenyewe. La kwangu lilitoka zambarau inayoelekea bluu. Tukaenda na karatasi hiyo hiyo kwa shemeji yangu ambaye siku zote tunasema masofa yetu ni mapacha, la kwake likatoka kahawia ya mchanga, mapacha gani hao. Fanya hivyo asubuhi, urudie saa nane mchana, urudie usiku na taa. Kama bado hujanunua, omba kipande cha kitambaa, maduka mengi wanavyo vya kuonyesha, ukakae nacho nyumbani siku mbili tatu kikiwa kimelala pale pale sofa litakapokaa, si mkononi wala dirishani.

Mi sikufanya hivyo. Mi nilifanya kosa la pili ambalo ni kubwa kuliko la kwanza, nikasema kama ukuta ndo mchokozi basi ukuta uwe wa kijivu pia, tuone. Fundi rangi akaniuliza kijivu kipi, akanifungulia kadi ya rangi, vijivu vimejaa ukurasa mzima hadi macho yanauma, nikachagua kwa kipande cha ukubwa wa kucha. Kipande kidogo kinadanganya, rangi ikishasambaa ukuta mzima inaonekana nzito kuliko ulivyoiona kwenye kadi, na kama ina ubluu ndani basi ubluu unakuzwa nao. Nikaongeza zulia la kijivu. Nikaongeza mapazia ya kijivu kwa sababu yalikuwa yamemechi, hilo neno kumechi lina kesi ya kujibu. Matokeo yake ni kwamba nilikuwa nakaa ndani ya wingu la mvua. Wageni wakija wanashusha sauti. Kuna mmoja alikaa ukingoni kabisa mwa sofa, pochi kaipakata mapajani, mgongo umenyooka, nikamwangalia nikasema huyu anangoja kuitwa namba.

Na hapo ndo nikajifunza kwamba tatizo wala halikuwa rangi tena. Tatizo ni kwamba vitu vyote vilikuwa na uzito mmoja. Sebule ya kijivu inahitaji kitu cheusi kidogo na kitu cheupe kidogo ili jicho lipate pa kushika, kama vyote viko katikati jicho linateleza tu. Kuna namna rahisi ya kulijua hili, piga picha ya sebule kwa simu halafu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, zile zinazoitwa filta zipo kwenye simu karibu zote. Ya kwangu ilitoka bapa moja, sikuweza kuonyesha kwa kidole sofa linaishia wapi na zulia linaanzia wapi, ukuta umemeza pazia, kitu pekee kilichoonekana ni luninga, shimo jeusi katikati. Ukipiga hiyo picha ukaona hivyo usiende kununua mito ya rangi, maana haitakusaidia. Nenda katafute uzito. Mi nilihamisha meza ya mbao iliyokuwa chumbani, mbao nzito karibu nyeusi, nikaileta pale katikati, nikalitoa zulia la kijivu nikaweka la rangi ya kamba ya mkonge, na kabla sijagusa kitu kingine chumba kikaanza kupumua.

Halafu mwanga. Jamani mwanga. Hapa nitakaa kidogo mhariri univumilie kwa sababu kwenye makala yenu hamkuweka hata sentensi moja ya taa na mi naona ndo nusu ya kazi.

Duka la fenicha lina taa nyingi kali nyeupe juu, wewe kwako una balbu moja katikati ya dari. Sofa ni lile lile lakini linachoonyesha ni kile mwanga unachokiruhusu. Kwenye boksi la balbu kuna namba ina herufi K mwishoni, wengi tunaipita tunaangalia wati tu. Hiyo K ndo inakuambia mwanga wenyewe ni wa njano au ni mweupe. 2700K ni ule wa njano njano wa kutuliza, 4000K uko katikati, 6500K ni mweupe wa kubluu ule ambao ukiuwasha sebuleni watu wote wanaonekana wametoka kuugua. Namba ikipanda mwanga unazidi kuwa wa baridi, watu huwa wanadhani ni kinyume. Sofa la kijivu chenye bluu au zambarau ukiliwekea 6500K umelimaliza, linakuwa kama bati. Ukiliwekea 2700K ile bluu inatulizwa kidogo. Lakini kijivu cha joto, kile chenye njano na kahawia, ukikiwekea 2700K usiku wakati mwingine hata hutajua kuwa ni kijivu, kinakuwa rangi ya udongo tu, kwa hiyo mwenye hicho anaweza kwenda 3000K au zaidi kidogo akawa salama. Mi nilihangaika na sofa miezi mingapi, kumbe balbu zangu zote zilikuwa 6500K kwa sababu nilinunua zile "nyeupe" nikiamini zinamulika zaidi. Siku niliyobadili balbu dada yangu aliingia akauliza umepaka rangi tena? Sijapaka.

Kuna namba nyingine pembeni, wanaandika CRI au Ra, mwisho wake ni 100, inaonyesha balbu inazitoa rangi za vitu kwa ukweli kiasi gani. Nyingi za kawaida ziko kwenye 80, ukipata ya 90 na kuendelea chukua, hasa kwa sebule ya kijivu ambako rangi zenyewe ni chache na zile chache inabidi zionekane. Na hili linaeleza pia ile shida ya kwamba ulinunua mto dukani umelingana na sofa kabisa, ukafika nyumbani hauna hata undugu nalo. Vitambaa viwili vinaweza kufanana chini ya taa moja vikaachana chini ya nyingine kwa sababu vilitiwa dawa tofauti za rangi. Huna ulichokosea, wala macho yako hayana shida. Vitoe nje uvitazame kwenye mwanga wa jua ndo ulipe.

Na usitegemee taa moja ya darini. Taa ya darini peke yake inamwaga mwanga juu ya sofa sawasawa kila mahali, kile kitambaa kinakosa vivuli, kinaonekana kama kimepakwa. Weka taa ya kusimama nyuma ya mkono wa sofa, na nyingine fupi ya mezani upande wa pili, mwanga uje ubavuni, utaona nyuzi za kitambaa zinanyanyuka. Sofa langu ni la kitambaa chenye vinundu vidogo vidogo, nililijua hilo kwa kidole tu mpaka nilipoweka taa ya pembeni, ndo nikaviona kwa macho mara ya kwanza, baada ya mwaka mzima wa kulikalia.

Hapo nimekuja kwenye kile mi naona ni siri ya kijivu, kwamba kijivu kinaishi kwa mguso kuliko kwa rangi. Mtu akiona kumepooza anakimbilia rangi, anakwenda kununua mito miwili ya haradali. Na mito ya haradali sasa imeenea, ukiona sofa la kijivu unajua na haradali ipo karibu, kama mapolisi na filimbi. Sisemi ni mbaya, kwa kijivu cha joto inakaa vizuri sana, ila kwa kijivu changu cha zambarau kumbuka nimeshasema njano inafanya nini. Niliinunua kabla sijajua. Lile sofa likapiga kelele.

Kwa hiyo kabla ya rangi tafuta mguso. Weka mto wa kitani kilichojikunja kunja, weka wa manyoya mafupi, weka wa kusokotwa kwa uzi mnene, hata vyote vikiwa vya kijivu na maziwa vitaonekana ni vitu vitatu tofauti. Tupa shuka zito la kufumwa kwenye mkono wa sofa, usilikunje kama nguo ya kabatini, lidondoke tu. Kapu la ukindu sakafuni. Mbao yenye mistari yake inayoonekana. Sofa lenyewe kama ni la kitambaa laini kinachong'aa basi vitu vya jirani viwe vikavu vikavu, na kama sofa ni kavu tafuta kimoja kinachong'aa, hata fremu ya shaba. Shaba na kijivu wanapatana mno sijui kwa nini watu hawaitumii, kila mtu anakimbilia chuma cha rangi ya fedha na fedha juu ya kijivu ni kumwaga maji mtoni.

Sasa rangi, maana mtauliza. Kijivu cha baridi kama changu mi nimekiona kinakaa na damu ya mzee, kinakaa na bluu nzito ile ya wino, kinakaa na waridi iliyopauka. Kijivu cha joto kipe haradali, kipe rangi ya tofali, kipe kijani cha jani kavu. Mimea ya kweli inakaa na vyote, jani halijawahi kugombana na sofa, na ndo rangi ya bei nafuu kuliko zote maana inajiongeza yenyewe. Watu wa mapambo wana hesabu yao ya 60, 30 na 10, kwamba asilimia sitini iwe rangi kuu ya chumba, thelathini ya pili, kumi ndo ya kuchangamsha. Si mbaya ukiwa hujui pa kuanzia, ila usikae na kikokotoo, maana yake ni kwamba hiyo ya kuchangamsha iwe kidogo na ionekane angalau sehemu tatu. Nikiweka damu ya mzee kwenye mto tu inaonekana kama imesahauliwa pale na mtu. Nikiiweka kwenye mto, halafu kidogo kwenye picha ukutani, halafu kwenye mgongo wa vitabu viwili kule rafuni, jicho linaiokota hapa linaipeleka kule, chumba kinafungwa.

Na ile mito wanayouza pamoja na sofa, ya kitambaa kile kile, itoe. Au acha mmoja. Mito ya rangi moja na sofa inalifanya sofa lionekane limevimba. Halafu ule ujazo wa ndani ununue mkubwa kuliko foronya yake, kama foronya ni sentimita 45 ndani weka wa 50, mto unajaa mpaka kwenye pembe, vinginevyo unakuwa na masikio manne yamelegea kama mbwa mzee. Ile tabia ya kuupiga mto katikati kwa kiganja ili ufanye bonde mi siielewi na sitaielewa.

Zulia nitasema kwa kifupi, watu wananunua dogo. Zulia dogo chini ya meza na sofa limekaa mbali nalo ni kama kisiwa na meli. Angalau miguu ya mbele ya sofa ikanyage zulia, na upana wake uzidi sofa kidogo kila upande. Hujui ukubwa gani, tandika magazeti sakafuni, nasema kweli, ndivyo nilivyofanya, nikayapanga magazeti yenu ya miezi miwili kwenye kipimo cha mita mbili kwa tatu nikakaa nayo siku nzima tukiyapita pita, nikaona kumbe mbili kwa tatu ndo yenyewe na si ile ya sentimita 160 kwa 230 niliyokuwa nimeshaishika mkononi. Meza ya kati iwe sentimita 40 mpaka 45 kutoka ukingo wa sofa, ufikie kikombe bila kuinuka na goti lipite. Picha juu ya sofa isitundikwe kule juu karibu na dari kama vile inawakimbia watu, acha sentimita 15 hadi 20 tu juu ya mgongo wa sofa, na upana wake ukifika theluthi mbili ya sofa inatosha. Pazia kinyume chake, hilo ndo lipande juu, na fimbo ipite dirisha kila upande, pazia likifunguliwa kioo chote kibaki wazi maana mwanga wa bure ndo unaotufaa kuliko wote.

Jambo moja la kitambaa hamkuligusa na lina hasara. Kijivu cha mwangaza, kile cheupe cheupe, kinashika rangi ya suruali ya jinzi. Jinzi mpya nzito inaachia bluu yake, mtu akikaa hapo kila siku unapata kivuli cha makalio cha bluu ambacho hakitoki kirahisi. Kwangu kipo. Kiko upande wa kushoto, anayekalia upande huo anajijua na gazeti hili analisoma. Na kama sofa liko dirishani pa jua la mchana, kijivu nacho kinapauka, tena hakipauki chote sawa, ile rangi iliyojibanza ndani inaweza kuondoka kwanza ukabaki na kingine kabisa, kwa hiyo mito ya kukalia iwe inageuzwa na kuhamishwa upande. Ukiuliza uimara wa kitambaa kuna kipimo kinaitwa Martindale, wanakisugua kwa mashine mpaka kichakae, kwa sofa la kukaliwa kila siku uliza angalau misuguo 20,000, ikizidi hapo hujadhurika.

Leo sebule yangu iko hivi: ukuta nimeupaka nyeupe isiyo na njano ndani, sofa lile lile, zulia rangi ya mkonge, meza nzito nyeusi, mito mitatu tu na miwili kati ya hiyo ni damu ya mzee, taa tatu za 2700K na ya darini tunaiwasha tukitafuta kitu kilichodondoka. Zambarau bado ipo. Mchana wa mawingu inachungulia. Nimeshaizoea na nikiwa na hiyo damu ya mzee pembeni inaonekana kama niliikusudia, mgeni akisifia sisemi kitu.

Ombi langu kwenu mhariri si kubwa. Mkiweka picha ya sebule nyingine pale kwenye ukurasa wa nyumba, chini yake andikeni mistari miwili: kijivu hicho ni cha upande gani, ukuta ni rangi gani, balbu ni K ngapi na picha ilipigwa saa ngapi. Na mwandishi wa makala ile kama anataka kuliona sofa langu anakaribishwa, ila aje mara mbili, saa nne asubuhi na saa mbili usiku, na asivae jinzi.

Ni mimi msomaji wenu wa kila wiki,
Mwenye sofa.